Kuomba Chuo cha Kijeshi cha Marekani kwa Njia ya Michezo: Kocha Anakufikisha Wapi

Kijana wako anakimbia vizuri, au anacheza soka, au anapiga mieleka, mpaka makocha wa vyuo wameanza kumwandikia. Siku moja inaingia barua pepe kutoka West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la nchi kavu, au kutoka chuo cha jeshi la wanamaji kule Annapolis. Masomo miaka minne bila ada, chakula, malazi, matibabu, na posho ya kila mwezi juu yake. Katika familia zetu zilizohamia Marekani, habari kama hiyo hufika kwenye kundi la WhatsApp kabla jua halijazama, na shangazi aliyeko Morogoro anaanza kumwita mtoto "afande".

Nawaomba wazazi mshike pongezi kwanza. Katika chuo cha kawaida, kocha ana ufadhili mkononi na anaweza kumpa anayemtaka. Katika chuo cha kijeshi kocha hana ufadhili wa kugawa, kwa sababu kila mwanafunzi pale analipiwa sawasawa na serikali, awe nyota wa timu au asiyejua kudaka mpira. Kocha anaweza kuiambia ofisi ya udahili kwamba anamhitaji kijana huyu, na neno lake lina uzito. Lakini hampitishi kwa daktari, hamwandikii pendekezo la mbunge, na hawezi kuyasahihisha matokeo yake ya hesabu. Nimeona familia zikikaa miezi zikimsubiri kocha "amalize mambo", huku tarehe za mwisho zikipita moja baada ya nyingine.

Kwanza, vyuo vyenyewe. Viko vitano: West Point cha jeshi la nchi kavu, New York, Annapolis cha wanamaji, Maryland, Air Force Academy, Colorado Springs, Coast Guard Academy cha walinzi wa pwani, New London, Connecticut, na Merchant Marine Academy cha mabaharia wa meli za biashara, Kings Point, New York. Vitatu vya kwanza vinashindana katika Divisheni ya Kwanza ya NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo Marekani, ndiyo ile ngazi inayoonekana kwenye televisheni. Viwili vya mwisho viko Divisheni ya Tatu, na mwanamichezo mzuri ambaye si nyota wa jimbo anaweza kupata nafasi ya kucheza huko miaka yote minne. Msividharau.

Uraia kabla ya kila kitu

Mwombaji lazima awe raia wa Marekani. Green card haitoshi, hata kama kocha amempenda kijana kupita kiasi. Awe ametimiza miaka 17 na hajapita siku ya kuzaliwa ya 23 ifikapo Julai 1 ya mwaka anaoingia (Kings Point wanakwenda mpaka 25). Asiwe ameoa au kuolewa, asiwe mjamzito, na asiwe na mtoto anayemtegemea kisheria.

Hapa kuna jambo ambalo familia nyingi za Kikongo, Kikenya na Kitanzania hazilijui. Ikiwa mzazi mmoja alipata uraia wakati mtoto hajafika miaka 18, na mtoto alikuwa na green card na akiishi na mzazi huyo chini ya uangalizi wake wa kisheria, basi mtoto naye alikuwa raia papo hapo, bila kula kiapo. Ni sheria ya mwaka 2000. Kinachokosekana ni karatasi ya kuthibitisha. Mwombeeni pasipoti ya Marekani au cheti cha uraia kwa fomu N-600 mapema, maana karatasi hizo huchukua muda na hakuna chuo kitakachowasubiri.

Kwa aliyeko Nairobi au Dar es Salaam bila uraia wa Marekani, njia ni nyingine kabisa. Sheria inaruhusu kila kimoja cha vyuo vitatu vikubwa (West Point, Annapolis na Air Force) kuwa na wanafunzi wa kigeni hadi 60 kwa wakati mmoja, na hao hupendekezwa na serikali zao baada ya nchi kualikwa. Mlango ni wizara ya ulinzi ya nyumbani na ubalozi wa Marekani, na akihitimu anarudi kulitumikia jeshi la kwao. Pia msichanganye jambo hili na safari ya akina Paul Chelimo, mzaliwa wa Kenya aliyeipatia Marekani medali ya fedha ya mita 5000 kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Yeye alijiunga na jeshi kama askari na kukimbia chini ya mpango wa jeshi wa wanamichezo wa kiwango cha dunia. Hakupitia chuo cha maofisa.

Kumwandikia kocha

Msingoje kugunduliwa. Kila timu ina fomu ya wanamichezo wanaotaka kusajiliwa kwenye tovuti yake, na inajazwa wakati wowote, hata darasa la 9. Kocha wa Divisheni ya Kwanza ndiye anayefungwa na kalenda: kwa michezo mingi, ikiwemo riadha, soka na mpira wa kikapu wa wanaume, haruhusiwi kujibu kwa barua binafsi au simu kabla ya Juni 15 baada ya darasa la 10. Kwa mpira wa Kimarekani barua pepe zinafunguliwa Septemba 1 ya darasa la 11. Kwa hiyo kijana akiandika akiwa darasa la 9 asijibiwe, asivunjike moyo. Barua inasomwa na kuhifadhiwa.

Barua iwe fupi na iandikwe na kijana mwenyewe, si baba. Ataiandika kwa Kiingereza, lakini mpangilio uwe kama huu:

"Kocha, naitwa fulani, niko darasa la 11 katika shule fulani, Columbus, Ohio. Nakimbia mita 3200 kwa 9:21 na maili kwa 4:19, zote msimu huu. Wastani wangu ni 3.8, na nasoma hesabu za calculus. Nataka kuwa ofisa wa jeshi la nchi kavu na nimeanza fomu ya mwombaji. Mashindano yangu yajayo ni Aprili 12. Nimeambatisha matokeo ya shule na video."

Tazama sentensi ile ya ofisa. Kocha wa chuo cha kijeshi hupokea barua nyingi za vijana wenye muda mzuri, na anajua kwamba asiyetaka jeshi ataondoka kabla ya mwaka kuisha. Anayetaka kazi yenyewe hupewa sikio. Na kama kijana hataki jeshi, isiandikwe. Atafutiwe chuo kingine chenye timu nzuri, viko vingi.

Kwa Divisheni ya Kwanza ajisajili pia NCAA Eligibility Center, ambao hukagua masomo 16 ya msingi ya haiskuli. Kama kijana alianza shule Goma au Mombasa, matokeo ya huko yaanze kutafutwa sasa.

Maswali ya kumwuliza kocha

Kocha akisema "tunakutaka", kijana ashukuru, kisha aulize kwa heshima lakini waziwazi. Je, umeshaipelekea ofisi ya udahili jina langu? Wameyaonaje matokeo yangu ya masomo? Unanifikiria kuingia moja kwa moja au kupitia shule ya maandalizi? Umewaomba wangapi kwa nafasi ninayocheza? Kocha mwema hakasiriki kwa maswali haya. Kocha anayekwepa swali la kwanza mara mbili, huenda hajapeleka chochote.

Katika mila zetu kijana hamhoji mkubwa hivi, nalielewa hilo. Lakini mwanangu, kocha wa Marekani huchukulia swali la wazi kama dalili ya mtu makini, na ukimya wako atausoma kama kutojali.

Siku hizi vijana hutangaza mtandaoni kwamba "wamechagua" timu fulani, na picha yenye jezi. Tangazo hilo halimfungi yeyote. Nafasi ipo pale tu inapokuja barua rasmi ya chuo. Chuo kinaweza pia kutoa barua ya uhakikisho mapema, lakini hata hiyo huwa na masharti: apite kwa daktari, apate pendekezo, amalize haiskuli vizuri.

Faili la mwombaji

Fomu ya awali hufunguliwa wakati wa darasa la 11, na hapo mwanamichezo anakuwa mwombaji kama wengine: alama za SAT au ACT (mitihani ya kuombea vyuo), insha, barua za walimu wa hesabu na Kiingereza, usaili na ofisa. Fanyeni kana kwamba hakuna kocha. Faili likiwa kamili mapema, kocha ana kitu cha kusukuma. Faili lenye mapengo halisukumiki.

Pendekezo la mbunge ndilo linalowashinda wengi. Vyuo vyote isipokuwa cha walinzi wa pwani vinataka mwombaji apendekezwe, kwa kawaida na mbunge wa eneo lenu au mmoja wa maseneta wawili wa jimbo. Kwa vyuo vitatu vikubwa, Makamu wa Rais naye hupokea maombi. Kila mbunge na kila seneta anaruhusiwa kuwa na wanafunzi watano tu kwa wakati mmoja katika kila kimoja cha vyuo hivyo vitatu, hivyo ushindani ni mkali kwenye majimbo yenye watu wengi. Ombeni kwa wote mnaostahili. Kila ofisi ina fomu yake, barua zake na siku yake ya mwisho, nyingi kati ya Septemba na Desemba za darasa la 12, tena kabla ya siku ya mwisho ya chuo chenyewe. Hakuna haja ya kumjua mbunge wala kuwa wa chama chake. Ofisi hizi huwa na kamati ya usaili, na mtoto wa mhamiaji anaketi pale sawa na mtoto wa jenerali.

Kama mzazi ametumikia jeshi la Marekani mfululizo kwa miaka minane au zaidi, au amestaafu jeshini kwa pensheni, kijana anaweza pia kuomba pendekezo la Rais, ambalo limetengwa kwa watoto wa wanajeshi. Wakenya wengi wameingia jeshini hapa, na baadhi yao hawajui kwamba watoto wao wana mlango huu. Kocha akisema chuo kina mapendekezo yake chenyewe, ni kweli yapo, ila ni machache. Ombeni ya wabunge vilevile.

Mwili na daktari

Jaribio la viungo la vyuo vitatu vikubwa lina sehemu sita, moja baada ya nyingine: kurusha mpira wa kikapu umepiga magoti, kuvuta mwili juu ya chuma, kukimbia huku na huku kati ya mistari, kuinua kiwiliwili kwa dakika mbili, pushapu dakika mbili, na maili moja mwishoni. Wanariadha hulidharau na linawaaibisha. Mkimbiaji wa maili wa 4:19 hana tatizo na maili. Anakwama kwenye chuma, kwa sababu mikono yake haijawahi kuvuta chochote. Na ule mpira unarushwa kwa mkono mmoja kutoka juu ya bega, magoti yote chini, bila kusukumwa na miguu. Ajizoeze wiki kadhaa, na afanye mazoezi kwa mpangilio uleule, maana maili baada ya pushapu si maili ya uwanjani. Mwalimu wa michezo wa shule anaweza kumsimamia.

Uchunguzi wa afya unaendeshwa na DoDMERB, ofisi ya Wizara ya Ulinzi isiyo chini ya chuo wala kocha. Wanamichezo huangukia hapa zaidi kuliko wanavyotegemea: goti lililofanyiwa upasuaji, kupoteza fahamu uwanjani, pumu baada ya miaka 13. Kile kibomba cha kuvuta pumzi ambacho daktari wa mtaa alimwandikia "kwa tahadhari" kabla ya mechi kinaweza kusimamisha faili zima. Msifiche kitu, kwa sababu kuficha kunaweza kumfukuzisha hata baada ya kuingia. Kusanyeni karatasi za daktari, vipimo na picha. Akikataliwa, chuo chenyewe kinaweza kumwombea ruhusa maalumu kikiona ni mwombaji mwenye nguvu, na hapo neno la kocha husaidia. Aliyezaliwa nyumbani na kuchanjwa BCG anaweza kuonekana na kifua kikuu kwenye kipimo cha ngozi bila kuwa nacho. Aulizie kipimo cha damu, ambacho hakidanganywi na chanjo hiyo.

Majibu yakija

Jibu linaweza kuwa nafasi ya moja kwa moja, kukataliwa, au mwaka mmoja wa shule ya maandalizi. Ya West Point iko palepale chuoni, ya Air Force pia iko ndani ya eneo lake, na ya Annapolis iko Newport, Rhode Island. Wanamichezo wengi hupitia huko. Si adhabu, kwa kijana ambaye Kiingereza chake cha kuandika bado kinajengeka, naona ni mwaka wa thamani kubwa.

Kabla ya kusaini, zungumzeni nyumbani juu ya deni la utumishi. Kwa vyuo vitatu vikubwa, akihitimu anatumikia angalau miaka mitano akiwa ofisa, na marubani zaidi. Anaweza kuondoka bila deni katika miaka miwili ya mwanzo. Akianza masomo ya mwaka wa tatu, amefungwa. Akiacha timu au akiumia asicheze tena, hapotezi nafasi yake ya masomo. Lakini pia halipwi kwa matangazo ya jina lake kama wachezaji wa vyuo vingine, na kwa kawaida hakuna mwaka wa tano wa kucheza. David Robinson, aliyekuwa bora kuliko wote waliowahi kuichezea Annapolis mpira wa kikapu, alichaguliwa wa kwanza na NBA mwaka 1987 na bado akatumikia miaka miwili kabla ya kugusa uwanja wa San Antonio.

Mpaka barua rasmi iwe mkononi, msiache nafasi ya chuo kingine, na fomu za msaada wa fedha zijazwe kama kawaida. Barua ikifika, kijana akubali kwa tarehe iliyoandikwa, kisha aanze kukimbia asubuhi: mafunzo ya kuruta huanza mwishoni mwa Juni au mapema Julai, wiki nyingi kabla ya kocha yeyote kumwita mazoezini.