Namna Resini ya Meno ya Mbele Inavyochakaa, na Jinsi ya Kuitunza

Watu wengi waliokulia Arusha, Meru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa wanayafahamu vizuri meno yenye madoa ya kahawia, kwa sababu maji ya maeneo hayo ya volkano mara nyingi yana floraidi inayozidi sana miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Baadhi yao huenda kwa daktari wa meno ili meno ya mbele yafunikwe kwa resini yenye rangi ya jino. Wakishatoka pale na tabasamu jipya, ni wachache wanaoelezwa jinsi resini hiyo itakavyochakaa.

Daktari hupaka jino asidi ya fosforiki ili kulikwaruza juujuu, akapaka gundi, kisha akapanga resini tabaka kwa tabaka na kuigandisha kwa mwanga wa buluu. Resini ni plastiki iliyochanganywa na chembe ndogo sana za kioo. Kadiri miaka inavyopita plastiki hufyonza maji na kulika, chembe zikabaki zimechomoza, na uso uliokuwa laini ukawa na vinyweleo ambavyo rangi ya chai hujishikiza. Kwa kawaida kazi nzuri hudumu miaka 5 hadi 7, nyingine hufika 10, na nyingine huharibika baada ya 3. Jino lenye madoa ya floraidi lina ugumu wake wa pekee, kwa kuwa tabaka lake la nje huistahimili asidi na gundi haishiki vizuri. Kwa hiyo muulize daktari mapema kama atalisaga kidogo au ataiacha asidi kwa muda mrefu zaidi.

Mara moja kwa mwezi, simama dirishani mchana, inua mdomo wa juu, kisha ukaushe jino kwa pamba kabla ya kulitazama kwenye kioo, kwa sababu mate huficha mengi. Uso wote ukiwa umefifia au umeingia umanjano, hiyo ni rangi iliyokaa juu, na kwa kawaida daktari huiondoa kwa kung'arisha. Ukiona mstari mwembamba wa kahawia pale resini inapokutana na jino, hasa karibu na ufizi, ukingo huenda umeanza kuachia, na hapo usingoje, maana bakteria wakipenya chini yake jino lenyewe huoza. Pitisha pia uzi wa meno kati ya meno: ukichanika au kukwama mahali palepale kila siku, pana ukingo unaokwaruza unaohitaji kulainishwa.

Piga mswaki mara 2 kwa siku kwa mswaki laini. Mkaa, majivu, magadi na dawa za meno zinazotangazwa kuondoa madoa ya sigara husugua plastiki na kuharakisha kufifia kule kule unakopambana nako. Lakini usiiache dawa ya meno yenye floraidi. Wapo wanaoikimbia kwa kuamini kwamba ndiyo itakayorudisha madoa, na hofu hiyo naielewa kabisa, ila madoa yale hutokea utotoni wakati jino bado linaundwa ndani ya taya. Jino la mtu mzima haliwezi kuyapata tena, na floraidi ya dawa ndiyo inayolinda ukingo wa resini usioze.

Katika saa 48 za kwanza epuka chai ya rangi, kahawa, mchuzi wenye manjano, tambuu na tumbaku. Baada ya hapo chai si haramu. Sukutua kwa maji mara tu unapomaliza kikombe, wala usikinywe kwa mafunda madogo madogo asubuhi nzima. Dawa za kusukutua zenye pombe hulainisha resini, na zile zenye klorheksidini, kemikali ya kuua bakteria, huacha madoa ya kahawia zikitumiwa kwa muda mrefu.

Kumeguka huletwa zaidi na nguvu. Usimenye muwa kwa meno, usifungue chupa ya soda, usikate uzi wa kushonea, na mahindi ya kuchoma yapukuchue kwa mkono. Ukiamka taya zikiuma, au wenzako wakikuambia kwamba unasaga meno usingizini, omba kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku, kwa maana bila hicho matengenezo yanaweza kuvunjika tena mahali palepale.

Dawa za kuyafanya meno kuwa meupe hazibadilishi rangi ya resini, hubadilisha jino peke yake. Anayetaka kuzitumia afanye hivyo kwanza, asubiri takriban wiki 2 ili gundi ishike vizuri, ndipo resini iwekwe kwa kufuata rangi mpya.

Nenda kwa daktari kila baada ya miezi 6. Sehemu iliyomeguka mara nyingi huzibwa juu ya resini ya zamani bila kuondoa yote, na hilo ni bora kuliko kuanza upya, kwani kila kuanza upya huondoa sehemu ya jino lenyewe. Ili kiraka kifanane na kilichopo, siku ya kwanza kabisa mwombe daktari akuandikie aina ya resini aliyotumia na alama ya rangi yake, kama A2 au B1, uiweke pamoja na kadi yako ya kliniki.