Mafuta ya Kwenda, Mafuta ya Kurudi: Hesabu ya Kuvuka Chalbi

Watu wanaotaka kuvuka jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, huniuliza swali moja kabla ya mengine yote: nibebe lita ngapi kutoka Marsabit mpaka Ziwa Turkana? Nikiwauliza wamepigaje hesabu yao, wengi wamechukua kilomita za kwenye ramani, wakagawanya kwa kilomita ambazo gari lao huenda kwa lita moja barabara ya Thika, basi. Hesabu hiyo ina kasoro mbili. Mchanga haunywi mafuta kama lami. Halafu, hakuna aliyehesabu mafuta ya kurudi.

Mimi ni dereva, makao yangu Isiolo, na gari ninaloendesha ni Land Cruiser pickup ya dizeli, injini ya lita 4.2 isiyo na tabo, tangi la lita 130. Namba nitakazotoa ni za gari hilo likiwa na mzigo na watu wanne. Zako zitakuwa nyingine, lakini njia ya kuzipata ni hii hii.

Anza kwa kulipima gari lako likiwa limebeba kila kitu litakachobeba jangwani. Isiolo, jaza tangi mpaka bunduki ya pampu ijikate yenyewe, usimwache kijana wa pampu aongeze ya kukamilisha mia. Rudisha kihesabu cha kilomita za safari kwenye sifuri. Kutoka hapo mpaka mjini Marsabit ni kama kilomita 260 za lami nzuri, kupitia Archer's Post, Merille na Laisamis. Ukifika Marsabit jaza tena kwa mtindo ule ule, gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Hiyo ndiyo namba yako ya lami, na imetoka kwenye gari lenye mitungi, maji, mahema na mwenzako mwenye kilo mia. Langu hutoa kilomita 8 kwa lita. Kwa barabara ya changarawe iliyochongwa naliwekea 6, kwa njia ya vumbi na uwanda wa Chalbi 5, na kwa mchanga mzito na mawe, 4. Ukikwama ukaanza kunguruma kwa gia nzito, sahau kilomita, hapo injini inakunywa bila gari kusogea.

Sasa tuipange njia. Marsabit mpaka Bubisa ni lami ya barabara ya Moyale, kama kilomita 50, lita 6. Bubisa unaiacha lami, unaingia kushoto kwenda Maikona, Kalacha, mpaka North Horr, kilomita 150 hivi, lita 30. North Horr mpaka Loiyangalani ni kama kilomita 95 za mchanga, laga (mito mikavu ya msimu) na mawe meusi ya volkano, lita 24. Kutoka Loiyangalani unashuka kusini kupitia Sarima na bonde la South Horr, unatokea Laisamis kwenye lami tena, kama kilomita 240, lita 40. Jumla lita 100. Mwenye tangi la 130 anaona amebakiza thelathini, anafurahi, anawasha gari.

Ngoja kwanza. Tuseme umefika Loiyangalani vizuri, ukaenda kilomita 80 mbele, ukakuta laga imeteremsha maji na haivukiki. Unaweza kungoja, au unaweza kugeuza. Ukigeuza, kituo cha mafuta cha uhakika kipo Marsabit, ulikotoka. Umeshatumia 60 mpaka Loiyangalani, na 27 za kwenda na kurudi kwenye laga, na unahitaji 60 nyingine za kurudi kwa njia uliyojia. Hizo ni lita 147. Ongeza robo yake kwa ajili ya kukwama, kupotea na upepo: 184. Tangi lina 130, na lita tano za chini kabisa mimi sizihesabu kwa sababu zina uchafu na pampu haizifikii vizuri gari likiwa limeinama. Kwa hiyo nabeba mitungi mitatu ya lita 20. Inanipa 185 za kutumia. Sibebi minne, kwa sababu kila mtungi uliojaa ni kama kilo 17 za dizeli tu, bila chuma chake, na uzito nao unakula mafuta.

Upepo nimeuweka kwenye hesabu kwa makusudi. Pale Sarima ndipo walipojenga mitambo 365 ya umeme wa upepo, megawati 310, na hawakuijenga pale kwa ajili ya mandhari. Upepo ule unatoka kusini mashariki, na wewe ukitoka Loiyangalani kwenda Laisamis unauelekea. Pickup yenye turubai juu ya mzigo inasukumwa nyuma mchana kutwa. Tembea asubuhi, na turubai uifunge chini kabisa. Faida ya mradi huo kwetu madereva ni barabara: kutoka Laisamis mpaka Sarima waliichonga upya ili malori yapitishe mabawa ya mitambo, na ndiyo maana njia hiyo naiwekea kilomita 6 kwa lita badala ya 4.

Kuna atakayesema North Horr na Loiyangalani mafuta yanauzwa. Ni kweli, yanauzwa kutoka kwenye mapipa na mitungi, bei ikiwa juu, na siku nyingine hakuna. Mimi huyahesabu kuwa sifuri. Nikiyapata, hewala. Ukilazimika kununua, fanya hivi: mwambie muuzaji akujazie kwanza chupa ya maji ya plastiki inayoonyesha ndani. Inuse. Wateja wengi wa mapipa yale ni bodaboda, kwa hiyo petroli ndiyo inayozunguka zaidi, na faneli na mpira wa kunyonyea ni hivyo hivyo kwa pipa la petroli na la dizeli. Halafu isimamishe chupa kivulini unywe chai. Kama kuna maji, yatatulia chini na utauona mstari. Na mpira usiingizwe mpaka chini ya pipa, maana maji na kutu ndiko viliko. Mimina kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara mbili.

Kwa sababu hiyo hiyo beba filta mbili za dizeli na ujue kuzibadilisha mwenyewe kabla hujatoka nyumbani. Injini kama yangu ina pampu ndogo ya mkono juu ya filta. Ukishabadilisha unaibonyeza mpaka iwe ngumu, ndipo unapiga stata. Asiyejua hilo atamaliza betri jangwani akidhani gari limekufa. Mwombe fundi wako mtaani akuonyeshe, kisha ifanye mbele yake.

Mitungi ya mafuta iwe ya chuma. Ile ya njano ya plastiki iliyokuwa ya mafuta ya kupikia ni mizuri kwa maji tu, na kuichanganya ni hatari, kwa sababu saa nane mchana mtu mwenye kiu hasomi maandishi. Chuma ni dizeli, njano ni maji, kila mtu kwenye gari aambiwe. Usijaze mtungi mpaka mdomoni, dizeli huvimba kwa joto na itatafuta pa kutokea. Usiipange juu ya paa, gari litayumba kwenye mawe. Mimi naifunga kwa kamba nyuma tu ya kebini, imesimama, na gunia katikati ya mtungi na mtungi zisisuguane. Miwili ya kwanza namimina tangini mara nafasi inapopatikana, kwa kawaida North Horr. Wa tatu naubakisha nje. Jiwe likitoboa tangi, au mafuta ya pipa yakinisaliti, nina lita 20 ninazojua zilikotoka.

Maji nayapigia hesabu kwa siku, si kwa kilomita. Safari hii ni ya siku tatu za kutokimbizana, lakini beba ya siku tano. Lita 6 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Watu wanne ni lita 120, na ishirini zaidi za rejeta. Usijidanganye kwamba unaelekea ziwani. Maji ya Turkana yana magadi, utaoga, lakini si ya kutegemea kunywa.

Magurudumu ndiyo yanayowasumbua wageni kuliko mafuta. Kwenye lami tairi za nyuma zina upepo wa psi 40 kwa sababu ya mzigo. Bubisa nashuka mpaka 28. Kwenye mchanga laini 20, hata 18. Shida ya kipande cha North Horr mpaka Loiyangalani ni kwamba mchanga na mawe vinapokezana, na tairi lililolegea kwenye mawe yale linachanika ubavuni, na ubavu hauzibwi. Kwa hiyo unashusha, unapandisha, unashusha tena. Kompresa inayokaa kwenye betri si anasa. Beba spea mbili nzima, si moja, na kipande cha ubao mpana cha kuweka chini ya jeki, la sivyo jeki itazama mchangani gari likiwa pale pale. Sepetu, kamba nene ya kuvutia, ndoano. Funga habu za magurudumu ya mbele, ili nayo yavute, ukiwa bado kwenye ardhi ngumu, usingoje uzame ndipo ushuke kuzifunga kwenye tope.

Na tope lipo. Chalbi ni kitako cha ziwa la zamani. Kiangazi uwanda wote ni mweupe kwa chumvi, tambarare, unaweza kudhani ni uwanja wa ndege. Mvua za Machi hadi Mei, au zile za Oktoba hadi Desemba, zikinyesha, unarudi kuwa ziwa. Linalowashangaza wengi ni kwamba mvua haihitaji kunyesha pale. Inanyesha milima ya Huri au mlima Marsabit, anga juu yako likiwa safi, na maji yanateremka mpaka bondeni. Juu ganda la chumvi hukauka upesi, chini tope linakaa kwa wiki.

Ganda unalipima kwa mguu. Simamisha gari kwenye ardhi ngumu, tembea hatua hamsini mbele, kanyaga kwa kisigino kwa nguvu. Likitoa mlio mkavu na vumbi, endelea. Likipasuka na kisigino kikarudi na udongo mweusi unaonata, geuza. Usishawishiwe na alama za magurudumu zilizokauka, hizo ni za aliyepita kabla ya mvua au za aliyekwama. Saa sita mchana mazigazi yanafanya uwanda wote uonekane maji, na hapo ndipo macho hayawezi kutofautisha maji ya kweli na ya uongo. Mimi naingia uwandani saa kumi na mbili alfajiri, kwenye saa nne niwe nimetoka upande wa pili.

Lakini kuliko kisigino changu, namwamini mtu wa Maikona. Simama pale hata kama huna haja. Nunua chai, salimia, kaa. Wagabra wanaochunga ngamia huko wanaujua uwanda kwa wiki hii, ramani inaujua kwa mwaka ule ilipochorwa. Usiulize "barabara ni nzuri?" Utajibiwa nzuri, kwa heshima ya mgeni. Uliza habari ya lori.

"Mzee, lori la jana lilipita wapi?"

"Lilizunguka, halikukata uwanda."

"Lilikuwa na mzigo?"

"Tupu. Na bado lilizunguka."

Basi, nawe zunguka. Lori tupu halipotezi dizeli bure. Ukiweza, chukua kijana wa pale akusindikize mpaka North Horr, mpatane malipo mapema na nauli yake ya kurudi iwe ndani. Nafasi moja kwenye gari iachwe kwa ajili yake tangu Nairobi.

Kuhusu usalama sitasema mengi: uliza polisi Marsabit kabla hujatoka, uliza tena North Horr, na wakikuambia ngoja, ngoja. Nenda magari mawili, kila gari na mafuta yake kamili, maana kugawana ni kwa dharura. Simu hushika karibu na miji, katikati sahau. Mwachie mtu mjini karatasi yenye njia, majina ya walio ndani, namba za magari, na saa ya kukupigia kelele: "Nisipopiga kutoka North Horr kufikia saa moja usiku, ngoja mpaka saa mbili asubuhi. Kukiwa kimya bado, piga polisi Marsabit." Saa hizo za kungoja usiku zina sababu, watu wengi wanaochelewa wamepata pancha tu.

Gari likiharibika, kaeni nalo. Tandazeni turubai upande wenye kivuli, na mwenye wazo la kutembea kwenda kutafuta msaada kwa sababu "miji ilikuwa inaonekana pale" mkalisheni chini. Gari linaonekana kutoka mbali, mtu haonekani.

Ukifika Laisamis, tafuta maji ya shinikizo kabla hujatafuta nyama choma. Chumvi ya Chalbi imejipaka chini ya gari lote, kwenye springi, paipu za breki na sakafu ya tangi, na ukiiacha wiki moja kutu inaanza. Osha chini, paka grisi, fungua kizibo cha chini cha filta ya dizeli umwage maji yaliyojikusanya. Filta ya hewa ipulizwe kutoka ndani kwenda nje. Kijana akianza kuipuliza kutoka nje, mnyang'anye.