Hodhi la Kuogea Libaki au Ling'olewe? Kagua Kabla ya Kununua Vigae

Kwenye nyumba nyingi za zamani za Upanga, Oysterbay au Kilimani, hodhi la kuogea lipo ila hakuna anayejilaza ndani yake. Watu husimama humo na ndoo, au chini ya shawa iliyokuja kufungwa baadaye. Hakuna namna mbaya ya kulitumia kuliko hiyo: pa kukanyaga pamejipinda na pana utelezi wa sabuni, na kutoka lazima uvuke ukingo wa sentimita 50 hadi 60 kwa mguu uliolowa. Kama ndivyo kwenu, hodhi limeshamaliza kazi yake. Kilichobaki ni kujua kama nyumba inakubali shawa ya kuingia moja kwa moja, isiyo na kizingiti, na jibu la hilo liko chini, kwenye bomba la majitaka.

Bafu la nyumba ya chini halina tabu. Fundi atavunja sakafu, atalaza bomba jipya na kulifikisha kwenye chemba ya nje. Ghorofani ndiko kwenye kesi. Trapu ya hodhi, yaani kipande cha bomba kinachobaki na maji ili kuzuia harufu, huwa imekaa juu ya slabu (sakafu ya zege ya ghorofa), kwenye nafasi iliyo chini ya tumbo la hodhi, lakini trapu ya shawa inatakiwa iwe chini ya vigae unavyokanyaga. Kwa hiyo ama utoboe slabu na trapu ining'inie kwenye dari ya chumba cha chini, ama uinue sakafu ya shawa.

Kutoboa kunafaa kama chumba cha chini ni chako. Kama ni cha jirani, utahitaji ruhusa yake na ya mwenye jengo, na siku bomba likivuja utaitwa wewe. Tundu lipite kati ya nondo. Fundi anayetaka kukata nondo "moja tu" asimamishwe mpaka mhandisi aone.

Kuinua kunataka hesabu. Trapu fupi, zile za sentimita 6 hadi 8, ndizo za kuanzia. Ongeza sentimita 2 kwa kila mita ya bomba mpaka lifike kwenye bomba kuu la wima, kisha sentimita 2 za kigae na gundi. Bomba kuu likiwa umbali wa mita 2, unafika sentimita 12 hadi 14. Hiyo si shawa ya kuingia moja kwa moja tena, ni shawa yenye ngazi. Bado ni nafuu kuliko kuruka sentimita 55, ila kwa anayetumia kiti cha magurudumu haisaidii kitu.

Vipimo hivi huvipati kwa kukisia. Bandua vigae viwili vya ubavuni mwa hodhi, mulika kwa tochi, pima kimo cha bomba kutoka kwenye slabu na uangalie unene wake. Mabomba mengi ya hodhi ni ya inchi moja na nusu, na kwa hodhi yanatosha: maji yakitoka polepole yanasubiri humo humo. Ya shawa yakichelewa yanatambaa hadi mlangoni. Shawa ipewe bomba la inchi mbili mpaka kwenye bomba kuu. Kuunganisha shawa mpya kwenye trapu ya zamani ya hodhi ndiko chanzo cha malalamiko mengi ya "maji hayashuki", na kurekebisha baadaye maana yake ni kuvunja vigae vipya.

Sasa maji yanayoingia. Kujaza hodhi la urefu wa sentimita 170 kiasi cha kuogea humaliza lita 120 hadi 150. Shawa ya lita 8 hadi 10 kwa dakika hutumia lita 40 hadi 50 kwa dakika tano. Ndoo ni lita 20. Lakini penye mgao, hodhi mara nyingi ndilo tenki la akiba la nyumba, na hesabu hii watu huisahau hadi maji yakatike. Ukiling'oa, weka kwanza tenki lenye mfuniko. Kwa kweli ni afadhali: maji ya wazi ndani ya nyumba ni mazalia ya mbu wa dengi, na Dar es Salaam ilishaonja milipuko yake mwaka 2014 na 2019.

Angalia pia kimo cha tenki la juu. Kila mita moja kutoka kwenye maji hadi kwenye kichwa cha shawa huleta presha ya takriban bar 0.1. Tenki la mita 3 juu ya kichwa linakupa bar 0.3, kichwa kile kipana cha mvua kitachuruzika tu. Ama ununue kichwa kidogo cha presha ndogo, ama ufunge pampu. Ukipanga shawa ya umeme ya kilowati 5.5, inavuta karibu ampea 24: ipewe laini yake yenyewe ya waya wa milimita 6 za mraba, breka ya ampea 32 na waya wa ethi unaofanya kazi. Kwa maji ya kisima yenye chumvi, tafuta ile iliyotengenezwa kwa maji hayo, la sivyo koili ya kupasha maji itakufa mapema.

Nafasi ya hodhi huwa sentimita 170 kwa 70. Upana wa 70 unabana viwiko; ukiweza kuiba hadi 85 au 90, fanya hivyo. Kioo kiwe cha usalama, milimita 8 au 10, na uache uwazi wa sentimita 60 wa kupita, au 90 kwa kiti cha magurudumu.

Vifaa vya shawa ya sentimita 170 kwa 90 yenye kuta tatu hadi mita 2.1: vigae mita 10 za mraba, asilimia kumi ya kuvunjika ikiwa imo, gundi mifuko mitatu ya kilo 25, simenti mfuko mmoja na mchanga toroli mbili, dawa ya kuzuia maji ya simenti kilo 30, utepe wa kona mita 12. Kwa sakafu chagua mozaiki ya sentimita 5 kwa 5. Vigae vikubwa vinavyong'aa vinateleza, na haviwezi kufuata mteremko wa pande nne mpaka vikatwe.

Hodhi la chuma cha kusubu lina uzito wa kilo 100 na zaidi, kwa hiyo lifunikwe blanketi nzito, livunjwe kwa nyundo ya mawe na kubebwa vipande vipande. Mvunjaji avae miwani, maana enameli huruka kama vioo. Usishangae kukuta ukuta wa nyuma haukupigwa plasta. Uzibe, subiri ukauke. Kisha bomba lilazwe na kujaribiwa kabla ya kufukiwa, ndipo sakafu imwagwe ikiwa na mteremko wa sentimita 2 kwa mita kuelekea kwenye trapu.

Hapa ndipo mafundi hukimbia. Dawa ya kuzuia maji ipakwe koti mbili, la pili likikatiza la kwanza, sakafu yote na kuta hadi mita 2, utepe ukiwa umezama kwenye kila kona na kuzunguka trapu. Kona ndizo hupasuka kwanza kwa sababu ukuta na sakafu havisogei pamoja. Ikishakauka kama mfuko unavyoelekeza, ziba trapu, jaza maji kimo cha sentimita 3, weka alama ya penseli, rudi baada ya saa 24 uone kama maji yameshuka. Fundi akisema grauti, ile ya kujaza mianya ya vigae, inatosha, mwambie grauti hupitisha maji. Malipo ya mwisho yasubiri alama hiyo.

Vishikio vifungwe kimo cha sentimita 85 hadi 90, na amua mahali pake kabla ya vigae: kwenye tofali la tundu, plagi ya plastiki itang'oka siku mtu atakapoteleza, kwa hiyo jaza zege matundu hayo mapema.

Kuna nyumba ambako hodhi libaki: yenye watoto wadogo na hodhi moja tu, ya kupanga, au ghorofa ambalo slabu imekataa. Huko funga vishikio viwili ukutani, weka mkeka wa mpira wenye vinyonyio, na kwa mzee ununue ubao wa kukalia unaolala juu ya kingo mbili. Anakaa nje, anageuka, anaingiza mguu mmoja baada ya mwingine. Kabla hajaukalia, uusukume kwa nguvu. Ukicheza, kaza vizuizi vya chini.