Una shamba Karen ama Ngong na unataka kuweka farasi za watu? Soma hii kwanza

Wengi wanaoniuliza hii maneno ni familia zenye zilikuwa na ng'ombe. Mzee alinunua ekari tano zamani huko Lang'ata ama upande wa Ngong, siku hizi maziwa hayalipi, watoto wameshakua, halafu jirani mwenye farasi anakuja kuuliza kama anaweza kukodishiwa vyumba viwili hapo kwa banda. Inaonekana rahisi ju banda liko, tanki iko, kijana wa kukama yuko na hana uoga na wanyama. Na soko iko kweli, farasi za mbio zikistaafu pale Ngong Racecourse zinachukuliwa na watu wengi tu wasio na hata bustani, kuna wazazi wenye watoto wanajifunza kupanda, kuna watu wa polo, kuna familia inahamia ghorofa na haitaki kuuza farasi yao. Wote hao wanatafuta mahali.

Sasa nitasema kitu kimoja na nitakirudia mpaka uchoke nacho: farasi si ng'ombe. Karibu kila hasara nimeona kwa hizi shamba za familia ilianza na mtu kumfanyia farasi kile amezoea kumfanyia ng'ombe.

Chakula ndio cha kwanza

Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne na akila upuzi anaweza kuvumilia. Farasi ana tumbo moja dogo, na hawezi kutapika, yaani kikishaingia kimeingia. Kwa hivyo ukimpa mahindi yenye ukungu ati ju ng'ombe walikuwa wanamaliza, unacheza na maisha yake. Kuna kuvu inaota kwa mahindi iliyolowa na sumu yake inamharibu farasi ubongo, leo ako sawa, kesho anagonga ukuta na kichwa, na hakuna dawa. Mahindi ukiyanusa ukasita hata kidogo, tupa.

Cha pili, vyakula vya kuku na baadhi ya vyakula vya ng'ombe huwekwa dawa inaitwa monensin. Kuku inamsaidia, ng'ombe inamsaidia, farasi inamuua moyo, na haihitaji kiasi kikubwa. Kama bado unafuga kuku, stoo ziwe mbili, na ndoo na vijiko visichanganywe kabisa. Sio ati rafu tofauti kwa stoo moja, stoo mbili, na kufuli mbili. Na ukinunua chakula ya farasi uliza kiwanda kama mashine hiyo hiyo inasaga ya kuku.

Halafu kuna jirani mwema. Karen imejaa majirani wema, wanakata nyasi ya bustani na mashine na kukuletea gunia ati farasi wapate kitu kibichi. Mshukuru, chukua, peleka kwa shimo la mbolea. Hiyo nyasi iliyokatwa ndogo ndogo inaanza kuchacha kabla hata ifike kwako, na farasi anaimeza kwa pupa bila kutafuna. Koliki (maumivu makali ya tumbo ya farasi) ya jioni nyingi inatoka hapo. Pia angalia miti yako, majani ya avokado ni sumu kwa farasi, lantana pia, na ile maua ya oleanda watu hupanda kando ya geti ni mbaya kuliko zote. Ukitaka kubakisha mti wako wa avokado, uzungushie fensi.

Chakula chenyewe cha kweli ni hei. Farasi wa kilo 500 anataka karibu kilo 10 za nyasi kavu kwa siku, na kwa shamba ndogo za Nairobi usijidanganye kwamba padoki (uwanja wa nyasi wenye fensi) itamlisha, padoki ni ya kutembea na kupiga mbio. Nyasi ya Boma Rhodes nzuri inatosha wengi, alfalfa (lusani) unaongeza kidogo kwa anayefanya kazi ama aliyekonda. Beli moja (mzigo wa hei uliofungwa) ikiwa ya kilo 15, farasi mmoja anamaliza kama beli 20 kwa mwezi, farasi kumi ni 200. Na ununue kwa kilo kichwani mwako hata kama muuzaji anauza kwa beli, ju kuna beli za kilo 15 na kuna beli za kilo 10 zimefungwa vizuri kama mtoto wa siku ya kwanza. Beba mizani. Nunua nyingi baada ya mvua wakati kila mtu anakata, ujaze stoo yenye sakafu ya mbao ama paleti, ju ukingoja Februari utalipa bei yenye itakufanya uchukie farasi.

Kubadilisha chakula kunaenda polepole, wiki nzima ama siku kumi, unachanganya ya zamani na mpya. Farasi mpya akija mwambie mwenyewe aje na chakula yake ya wiki moja. Maji isikatike, kila mmoja anaweza kunywa lita 40 na siku za jua zaidi, so kama unategemea maji ya kaunti inayokuja siku mbili kwa wiki, weka tanki ya kutosha kwanza na namba ya mtu wa bowza.

Kupe, visubi na dawa

Hapa ndio "farasi si ng'ombe" inaua kabisa. Ile dawa ya kupe ya ng'ombe yenye amitraz, yenye iko kwa kila shamba hii nchi, usimnyunyizie farasi. Inasimamisha utumbo, chakula kinakwama ndani, na unaweza kumpoteza. Soma chupa, ukiona hilo jina weka chini. Uliza daktari akupe ya aina nyingine, na kila siku wakati wa kupiga brashi saisi (mfanyakazi wa kutunza farasi) apitishe mkono ndani ya masikio, chini ya mkia na katikati ya miguu. Kupe huleta homa ya kupe, unaona farasi amechoka, ufizi umekuwa wa njano, mkojo umegeuka rangi, na wengine hata wakipona wanabaki na vijidudu kwa damu maisha yote.

Lakini yenye inaogopwa zaidi ni ugonjwa wa farasi wa Afrika. Virusi, aina tisa, vinaletwa na visubi, vile vidudu vidogo huwezi hata kuviona vizuri. Punda milia huwa wanavibeba na hawaugui, na sisi wa Lang'ata punda milia wako hapo tu ng'ambo ya fensi ya Nairobi National Park. Farasi akishikwa na ile ya mapafu anaweza kuwa mzima asubuhi na povu imejaa puani jioni. Ile nyingine ya moyo unaona amevimba juu ya macho na shingo. Hakuna tiba yake, unamuuguza tu, wengi wanakufa.

Kwa hivyo fanya hivi bila kubishana na mtu. Hakuna farasi anaingia kwako bila kadi ya chanjo, na chanjo irudiwe kila mwaka mapema kabla ya mvua ndefu. Baada ya kuchanjwa apumzishwe, asikimbizwe, mwenyewe akisema ana mashindano wikendi hiyo mwambie pole. Visubi hutoka jua likianza kushuka mpaka asubuhi, so farasi waingie banda saa kumi na nusu jioni na watoke kama saa mbili na nusu asubuhi, madirisha yawe na wavu wa matundu madogo sana (wavu wa mbu wa kawaida visubi vingine vinapita), na feni ikikaa karibu inasaidia ju hivyo vidudu haviwezi kupigana na upepo. Vinazaana kwa matope yenye mavi. Shimo la mbolea liwe mbali na banda na ule mfereji unaomwaga maji nyuma ya banda uzibe leo, usingoje mwezi ujao.

Chanjo ya pepopunda na ya kichaa cha mbwa pia. Minyoo usipige dawa kwa kalenda tu, peleka kinyesi kipimwe, ju dawa zikitumika ovyo minyoo inazoea.

Farasi mgeni akae peke yake wiki mbili tatu, ndoo yake, brashi yake, na saisi amhudumie mwisho. Wenyewe watalalamika ati amekuwa mpweke. Anaweza kuona wenzake kwa mbali, inatosha.

Banda na fensi

Chumba futi 12 kwa 12, mlango ufunguke nje, hewa ipite juu. Seng'enge itoke yote. Ng'ombe akigusa seng'enge anarudi nyuma, farasi akishtuka anapita nayo na anajikata mpaka mfupa. Weka mbao, ama miti ya mkaratusi, ama fensi ya stima yenye utepe mpana mweupe ili aione. Ua la kayaba linapendeza lakini miiba yake inaingia mguuni na machoni, kama unalo weka reli ya mbao mita moja na nusu mbele yake. Na kama shamba lako ni udongo mweusi, ule unaogeuka gundi mvua ikinyesha, tengeneza mahali pamoja pa mawe na kokoto pa kusimama, la sivyo kwato zitaoza chini na harufu utaisikia kabla uione. Fundi wa kwato aje kila wiki sita mpaka nane, hata kwa wale hawavai viatu.

Saisi

Hapa familia nyingi hubania pesa na sielewi kwa nini. Saisi mmoja kwa farasi watatu ama wanne, zaidi ya hapo anafagia tu, hamwoni mnyama. Saisi mzuri ndiye atakwambia saa kumi na mbili asubuhi kwamba yule mwekundu hajamaliza hei yake na mavi ni machache kuliko jana, na hiyo sentensi moja imeokoa farasi wengi kuliko sindano. Kijana wako wa kukama anaweza kuwa saisi mzuri sana lakini apelekwe kwanza akae na saisi mzoefu mwezi ama miwili, usimwachie farasi za watu ati ju amezoea wanyama.

Mfundishe kupima joto, kawaida ni 37.5 mpaka 38.5, na moyo kama mapigo 28 hadi 44 farasi akiwa ametulia. Aandike ubaoni kila asubuhi. Dalili za koliki azijue kama jina lake: kuchimba chini na mguu, kugeuka kuangalia ubavu, kulala na kuamka, kubingirika, kukosa kunya. Hapo anatoa chakula chote, anampigia daktari, anamtembeza taratibu. Asidunge dawa ya maumivu kabla ya kuongea na daktari ju itaficha tatizo na daktari akifika atadhani mambo ni mazuri.

Na umlipie NSSF, SHA, housing levy, na bima ya WIBA, hiyo sheria ya 2007 ya kufidia mfanyakazi akiumia kazini. Teke moja la farasi linavunja mguu wa mtu na kesi itakula shamba. Jumapili saisi apumzike, familia ifanye kazi. Kama nyumbani kwenu hakuna mtu anaweza kuamka Jumapili kufagia vyumba kumi, punguzeni vyumba.

Pesa na karatasi

Usiulize jirani anachaji ngapi halafu upunguze kidogo. Anza na hei. Tuseme beli ni shilingi 300, mara 20 ni 6,000 kwa farasi mmoja, ongeza chakula ya kusaga, maranda ya kulalia, sehemu yake ya mshahara wa saisi, maji, stima, askari wa usiku, ukarabati wa fensi (huwa wanavunja, zoea). Halafu fanya hesabu kama vyumba kumi una saba tu zimejaa, ju hivyo ndivyo itakuwa miezi mingi. Juu yake ndio uweke mshahara wa familia. Ndio, mshahara, wenye jina la mtu. Mama akishika hesabu bure na kaka akikarabati bure, mnawafadhili watu wenye magari makubwa kuliko yenu. Till ya shamba iwe yake peke yake, isilipe hata mkate wa nyumbani.

Mkataba uwe wa kurasa mbili lakini uwe na haya: pesa inalipwa mwanzo wa mwezi, daktari na fundi wa kwato ni juu ya mwenyewe, bei inaweza kupanda hei ikipanda na notisi ya siku 30, nani anaruhusiwa kupanda huyo farasi, na kofia ni lazima, hata kwa mtu mzima mwenye kiburi. Kipengele kikubwa kuliko vyote ni hiki: koliki ikianza saa nane usiku na mwenyewe yuko kwa ndege, daktari aitwe na nani, atumie mpaka shilingi ngapi, na kama farasi anateseka bila matumaini, nani anaruhusu adungwe sindano ya kufa bila maumivu. Watu hawapendi kujaza hapo. Asiyejaza, farasi wake hashuki kwa lori.

Bango la "unaingia kwa hatari yako" liweke, lakini lisikudanganye, kuna sheria ya Occupiers' Liability inayokufanya uwajibike kwa anayeingia kwako, na mtoto wa mgeni akikanyagwa bango halitajibu kortini. Chukua bima. Pia uliza kaunti kuhusu leseni na matumizi ya ardhi kabla majirani waulizie kwa niaba yako.

Mavi usione kama taka. Farasi mmoja anatoa zaidi ya kilo 20 kwa siku ukihesabu na maranda, ikioza vizuri miezi kadhaa watu wa bustani na wa mboga wanakuja wenyewe na pikap.

Kama unaanza, chukua farasi wawili waliotulia, wa watu unaowajua wanalipa. Mmoja hawezi, farasi peke yake anaanza kutembea kwa duara na kutafuna mlango. Dume ambaye hajahasiwa kataa kabisa mwaka wa kwanza hata mwenyewe akitaja bei mara mbili. Na usiongeze wa tatu kabla mvua ndefu moja ipite na uone maji yanasimama wapi kwa shamba lako.