Oili ya Subaru Inayokimbizwa Uwanjani

Beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankshafti, shafti kuu ya injini) ya Subaru Impreza WRX yangu ilikufa Athi River, pale uwanja wa mbio za magari wa Whistling Morans, hata saa sita mchana haijafika. Ndani mlikuwa na oili ya 5W-30 ya sinthetiki, mpya, ya bei. Fundi aliposhusha sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, tuliimimina oili kwenye karai tukaiweka juani, ikametameta kama magamba ya samaki. Nilichovya kidole nikasugua: chembe za rangi ya shaba, yaani beringi iliyosagika. Tangu siku hiyo sichagui oili kwa jina lililo kwenye dumu.

Anza na joto. Geji ya maji haitakwambia, kwa sababu maji yanaweza kutulia kwenye nyuzi 90 huku oili imefika 130. Funga geji mbili, ya joto la oili na ya presha ya oili, kabla hujanunua rimu wala ekzosi. Kisha zunguka uwanja mara tano kwa nguvu na usome oili imeishia wapi. Bila namba hiyo unabahatisha, na mimi nilibahatisha kwa injini nzima.

Sasa dumu. Tarakimu iliyo kabla ya W inaeleza oili inavyotiririka ikiwa baridi, na ya mwisho inaeleza unene wake kwenye nyuzi 100. Asubuhi ya Julai Nairobi ni baridi, ndiyo, lakini haigandishi maji, kwa hiyo tofauti ya 0W na 10W isikumalizie pesa. Pesa ziende kwenye tarakimu ya mwisho.

Na hata hiyo haitoshi. Ndani ya beringi oili hubanwa kwenye nafasi nyembamba kuliko unywele, moto, huku krankshafti inazunguka mara 6,000 kwa dakika. Kinachopima uvumilivu huo ni HTHS, yaani unene wa oili kwenye nyuzi 150 ikiwa inasagwa. 5W-30 inaruhusiwa kushuka hadi 2.9. 5W-40 haitakiwi kushuka chini ya 3.5, na oili zenye tarakimu ya mwisho 50 hazitakiwi kushuka chini ya 3.7. Namba hii mara nyingi haiandikwi kwenye dumu, ila watengenezaji wengi huiweka kwenye karatasi ya vipimo mtandaoni. Oili mbili zinaweza kuandikwa 5W-40 zote, moja ikawa na 3.5 na nyingine 3.8. Kwa injini ya turbo kama EJ20 ya Subaru mimi nachukua ya 3.8.

Kwa hiyo mimi hupanga hivi. Oili ikiishia chini ya 110, ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari inatosha, usiniige. Ikicheza kati ya 110 na 125, weka yenye tarakimu ya mwisho 40. Ikipita 125, weka 50, lakini pia tafuta kipoza oili, kwa maana hapo tatizo limeshazidi uwezo wa oili. Ikigusa 130 ukiwa uwanjani, punguza mwendo umalize mzunguko polepole. Gari yenye kitabu kinachosema 0W-20, kama Toyota 86, nayo oili ikizidi 110 ipande ngazi moja kwanza, yaani 30, upime presha, ndipo uamue kuongeza. 10W-60 waachie wenye injini zilizoagizwa kuitumia, kama S54 ya BMW M3. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika juu injini ikiwa baridi, na pampu hula nguvu ya bure kuisukuma.

Presha yenyewe isome oili ikiwa moto. Kipimo cha gereji ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini. Kwa 6,000 nataka kuona 60 hivi.

Sasa lile lililoniuma zaidi. Nilipofunga geji kwenye injini ya pili niliona kitu ambacho ile ya kwanza ilikuwa inakificha: kwenye kona ndefu sindano ilianguka kutoka 60 hadi 20, gari ikinyooka inarudi. Oili ilikuwa inakimbilia upande mmoja wa sampu na pampu inavuta hewa. Hakuna oili duniani, hata ya shilingi elfu kumi na tano, inayoweza kulainisha beringi ikiwa haijafika. Siku ile ya kwanza kiwango kilikuwa katikati ya alama mbili za dipstiki, kijiti cha kupimia oili. Siku hizi najaza hadi alama ya juu kabisa nikiwa kwenye sakafu iliyo sawa, napima tena kila nikitoka uwanjani, na ndani ya sampu nimeweka bamba la kuzuia oili isiyumbe.

Nunua dumu lenye kifuniko kisichoguswa na stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, dukani unakojulikana, na usinunue la bei ya kutupa. Oili bandia ipo, na macho hayaitambui.

Uwanjani usisubiri kilomita 5,000. Mimi namwaga kila baada ya siku mbili za mbio, oili ikiwa bado moto, halafu naikata filta kwa mkasi wa bati, nakunjua karatasi yake na kuikamua kwenye gazeti jeupe. Ya mwisho ilitoa weusi mtupu. Niliigeuza mara tatu chini ya taa ya simu, sikuona hata chembe moja ya shaba.