Somo: kufundisha mauaji ya Wayahudi darasani, anzia kwenye sheria ndogo ndogo

Walimu wenzangu, 27 Januari ni siku ya kimataifa ya kuwakumbuka waliouawa na Wanazi, yaani chama cha Hitler kilichotawala Ujerumani, maana tarehe hiyo mwaka 1945 jeshi la Kisovieti liliikomboa kambi ya mauaji ya Auschwitz huko Poland. Wengi tunaandika ubaoni "Wayahudi milioni 6" halafu tunasonga mbele, mtoto anabaki na namba tu. Mimi nataka ajue chuki inavyopandishwa kidogo kidogo mpaka watu wanaizoea. Vipindi viwili vya form three vinatosha.

Hatua ya 1: mtu mmoja. Kwenye miji mingi ya Ujerumani kuna vijiwe vyenye uso wa shaba, kama sentimita 10 kwa 10, vimechimbiwa njiani mbele ya nyumba. Alivianzisha msanii Gunter Demnig miaka ya 90. Vimeandikwa "hapa aliishi", jina, mwaka wa kuzaliwa, alikopelekwa, alikouawa. Chora kimoja ubaoni kwa saizi yake halisi, waache wapige hesabu wenyewe huyu mtu aliuawa na umri gani.

Hatua ya 2, na hapa usikimbie. Andika matukio kwenye vikaratasi, vichanganye, kila kundi lipange: Aprili 1933 maduka ya Wayahudi yanasusiwa, 1935 sheria za Nuremberg zinawanyima uraia na kuoana na Wajerumani wengine, Novemba 1938 masinagogi yanachomwa na ndani ya siku chache watoto wa Kiyahudi wanafukuzwa shule za serikali, 1941 Wayahudi wanalazimishwa kuvaa nyota ya njano kifuani kuanzia mtoto wa miaka 6, Mei 1942 Wayahudi wanapigwa marufuku kufuga hata paka, na wakati huo treni za kwenda kuua zilishaanza kuondoka.

Sasa uliza kwa kila karatasi: ili hili lifanyike alihitajika nani? Watataja Hitler, sawa, ila wabane zaidi. Kuna mwalimu alichukua rejista akakata jina la mtoto kwa kalamu, kesho yake akaita majina akaliruka. Darasa zima lilisikia. Hapo waache wakae nalo, usijaze maneno.

Hatua ya 3: waliokataa. Oktoba 1943, nchi yao ikiwa mikononi mwa Wanazi, Wadenmaki, wavuvi wakiwemo, waliwavusha kwa boti Wayahudi zaidi ya 7,000 kwenda Uswidi. Yaani iliwezekana.

Hatua ya 4: kwenu. Kila mmoja aandike bila jina lake neno la dharau analolisikia kwa watu wa kabila fulani, wakimbizi, au wenye ualbino. Kusanya, soma kwanza mwenyewe, usisome lolote litakalofanya macho yote yamgeukie mtoto mmoja.

MASWALI

Mwalimu, naweza kuwaigizisha, wengine Wanazi wengine Wayahudi?
Hapana kabisa. Anayepewa unazi ataona ni mchezo, anayepewa uyahudi anaweza kuumia kweli, na hakuna atakayekuwa ameelewa kambi ilikuwaje.

Picha za maiti je?
Mimi situmii. Tumia picha za familia kabla ya vita, harusi, darasa, watoto ufukweni, wawaone kama watu.

Kwanini Ulaya wakati Rwanda ni jirani?
Fundisha zote mbili ila usizishindanishe. 1938 pasipoti za Wayahudi wa Ujerumani ziligongwa herufi J, yaani "Jude", Myahudi. Rwanda, Wabelgiji waliweka kabila kwenye kitambulisho miaka ya 1930, na 1994 kwenye vizuizi vya barabarani kitambulisho hicho kiliua watu. Wape wanafunzi walinganishe.

Wakiniuliza kuhusu Gaza nifanyeje?
Watauliza, na ni haki yao. Liandike pembeni ya ubao, lipangie kipindi chake na uje umejiandaa, usilijibu kwa dakika mbili kengele ikilia. Ila mwanafunzi akisema "Wayahudi wote wako hivi" msimamishe palepale, mwambie ataje nani hasa alifanya nini, na mfanyie hivyohivyo anayesema "Waarabu wote" au "Waislamu wote".