Unataka kununua franchaizi Nakuru ama Kisumu? Soma agrimenti ukianzia nyuma

Siku hizi kila mtu akipata pesa ya sako ama ya kustaafu anataka franchaizi, yaani kumlipa mwenye brandi ndio ufungue duka kwa jina lake, iwe ya kuku, kahawa, famasi, chochote bora jina liwe limeshajulikana. Sikukatazi. Lakini kabla hujatuma hata bob moja jua hivi, Kenya haina sheria ya franchaizi. Haipo. Marekani mwenye brandi lazima akupe makaratasi ya kujieleza angalau siku 14 kabla usaini, Afrika Kusini ukisaini ukajuta uko na siku 10 za kazi za kujitoa, hapa kwetu ukisaini umesaini. Chenye kitakulinda ni hiyo agrimenti, na zile sheria za kawaida za mikataba, tredimaki, ushindani na kodi.

Ndio maana mimi husema anza nyuma. Kurasa za mbele ni tamu, tutakufunza wafanyikazi, tutakupakia rangi duka, watu wanasoma hizo wakifika ukurasa wa kumi macho inauma wanasaini. Mbele ni harusi, talaka imefichwa huko nyuma. Mwaka juzi mimi na shemeji yangu tulikuwa tunataka duka la kuku hapa Nakuru, agrimenti ilikuwa kurasa 38, tukaisomea kwa kibanda karibu na steji mpaka chai ikashika ngozi juu. Ukurasa wa 34 ndio tukapata: mkataba ukiisha, mashine zote za kukaanga mnamuuzia mwenye brandi kwa bei yenye yeye ataamua, na hamtauza kuku popote Kenya kwa miaka 3. Shemeji amekaanga kuku maisha yake yote. Akaniangalia akasema, sasa hawa wananikodishia jina ama wananinunua mimi?

Kuna sheria, Sura ya 24, inaruhusu korti kufuta kifungo cha kuzuia mtu biashara kikizidi kiasi. Lakini hiyo ni kesi, na kesi ni pesa na miaka, afadhali ubishane kabla ya kusaini: mwezi sita ama mwaka mmoja, ndani ya eneo lako tu, na mashine zipimwe bei na mtu wa katikati. Uliza pia, nikichoka naweza kuuzia mtu mwingine hili duka? Nikifa, bibi yangu ama watoto wanaendelea ama linafungwa?

Halafu eneo. Yetu iliandikwa "Nakuru". Nakuru gani? Jiji, ama kaunti nzima mpaka Naivasha na Molo? Na hakukuwa na neno lenye linasema ni sisi peke yetu, so wangeweza kufungulia mtu mwingine ng'ambo ya barabara na hatungekuwa na la kusema. Kama ni Kisumu usikubali "Kisumu", taja Kondele ama Milimani, weka kilomita, chora ramani ishikanishwe na agrimenti, na uandike deliveri iko upande gani, juu siku hizi mtu wa boda wa branchi ingine ndio anakulia wateja mlangoni.

Kuwakagua hao watu si kazi ngumu. Toa CR12, ile karatasi ya serikali ya kuonyesha wenye kampuni, kwa eCitizen uone wakurugenzi ni akina nani, kama yule jamaa wa suti hayuko hapo muulize anasaini kama nani. Halafu fanya sachi ya jina la brandi huko KIPI, ofisi ya serikali ya kusajili tredimaki, na usiishie kuona limesajiliwa, angalia limesajiliwa kwa klasi gani, yaani aina gani ya bidhaa ama huduma. Unga wa kahawa ni klasi ya 30, mgahawa ni klasi ya 43, mtu anaweza kuwa na moja akakuuzia ingine. Usajili ni wa miaka 10, kama imebaki kidogo agrimenti iseme ni nani atalipia kurinyu.

Roialti, ile asilimia unamlipa mwenye brandi kwa kutumia jina lake, inahesabiwa kwa mauzo, si faida. Ukiuza 600,000 kwa mwezi na roialti ni asilimia 6 na matangazo asilimia 2, hiyo ni 48,000 imeenda hata kama umekula hasara. Na kwa hiyo roialti unatakiwa ukate kodi upelekee KRA, asilimia 5 kama mwenye brandi ni wa hapa, 20 kama ni wa nje kama hakuna makubaliano ya kodi na nchi yake. Ukiona wameandika walipwe "bila makato yoyote", hiyo kodi imekuwa yako. Bei nayo, wanaweza kupendekeza, lakini Sheria ya Ushindani ya 2010 hairuhusu wakulazimishe usiuze chini ya bei fulani.

Lisi, yaani mkataba wa kukodi nyumba ya duka, iwe kwa jina lako kama unaweza, na usisaini franchaizi ya miaka 5 kwa nyumba ya miaka 2. Lisi yenye haijaandikwa, ama ya kuandikwa isiyozidi miaka 5, kwa kawaida inalindwa: landilodi lazima akupe notisi ya miezi 2 kwa fomu maalum, na unaweza kuipinga kwa tribunali ya rent ya nyumba za biashara. Lakini kama lisi ni ya mwenye brandi, siku mkikosana unatoka wewe, duka linabaki.

Loya? Ndio, lipa loya, awe wako, si yule wamekutafutia.

Kama umeshatuma pesa ya kushikilia eneo na wamekataa kurudisha, Korti ya Madai Madogo inachukua mpaka shilingi milioni 1 na si lazima uende na loya. Yetu ilikuwa 70,000, tuliprinti stetimenti ya M-Pesa na meseji zote za WhatsApp, haswa ile yenye wao wenyewe waliandika "msipokubaliana na agrimenti mtarudishiwa". Hatukufika hata kusikizwa, wiki ile walipata samansi pesa ikaingia kwa simu ya shemeji saa tano usiku.